Kati ya Kuta Mbili

Mtu akitaka kumpa kijana wa Tanzania moyo wa kukimbia, hadithi ni ileile moja: John Stephen Akhwari, Mexico City, 1968. Unaijua. Mwana wa Mbulu anaanguka katikati ya marathoni, goti linaumia, linafungwa bandeji, naye anaingia uwanjani giza limeshatanda, zaidi ya saa nzima tangu Mamo Wolde wa Ethiopia amalize na kushinda. Watazamaji wengi wameshakwenda zao. Saa 3, dakika 25, sekunde 27. Nafasi ya 57, wa mwisho kati ya waliomaliza. Nimeisikia hadithi hii shuleni, nimeisikia kwenye mahafali, kwenye semina za ujasiriamali, na hata msibani niliwahi kuisikia. Naiheshimu sana.

Lakini ndugu msomaji, hebu tuulizane bila kuoneana haya. Hadithi hiyo imekutoa kitandani siku ngapi? Mimi nasemea Jumanne ya kawaida, saa kumi na moja alfajiri, mbu bado wanaimba, hakuna kamera wala umati, na goti lako halina jeraha la kujivunia. Lina uvivu tu. Hadithi ya Akhwari ni ya siku moja. Mkimbiaji ana siku mia tatu na ushee kwa mwaka ambazo hakuna mtu anayemtazama, labda mbwa na walinzi wa maduka.

Na hata huyo Akhwari tumemkata nusu. Chini ya miaka miwili baada ya Mexico, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 1970 kule Edinburgh, alimaliza marathoni akiwa wa tano kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Piga hesabu mwenyewe: dakika 70 pungufu. Nani aliwahi kukusimulia hiyo? Goti lilipona, sawa, lakini goti zima peke yake halikimbii 2:15. Kuna asubuhi nyingi hapo katikati ambazo hakuna aliyezipiga picha, na mimi nadhani hizo asubuhi ndizo zenye mafundisho kwa mimi na wewe. Kwa bahati mbaya hazina damu wala bandeji, ndo maana hazisimuliwi.

Basi leo nataka kusimulia historia ya asubuhi za namna hiyo. Ni historia ya mazoezi ambayo wakimbiaji wetu wa Arusha na wenzao wa Iten huyaita intavali. Unakimbia kipande kifupi kwa kasi, tuseme mita 400, halafu unatembea au unachechemea kidogo ili upate pumzi, halafu kipande kingine, halafu kingine. Basi, hamna uchawi. Ila hilo neno, kwa sisi tunaopenda maneno, lina jambo lake. Asili yake ni Kilatini, na maana yake ya zamani ni nafasi iliyo kati ya maboma mawili, kati ya kuta. Umeona? Mazoezi haya hayakupewa jina la mbio. Yamepewa jina la ile nafasi iliyo kati ya mbio na mbio. Jina la mapumziko!

Kukimbia kwa vipande hakukuvumbuliwa na mtu mmoja. Wafini walikuwa wakifanya mambo ya namna hiyo mwanzoni mwa karne ya 20, na Waswidi chini ya Gösta Holmér katika miaka ya 1930 walikuwa na fatleki yao, yaani mchezo wa kasi: unaingia msituni, unafyatuka, unapoa, unafyatuka tena kadiri mwili unavyotaka. Raha tupu. Lakini aliyekaa chini na kuuliza swali la mapumziko kwa ukali wa mwalimu wa hesabu ni Mjerumani mmoja aliyeitwa Woldemar Gerschler.

Gerschler alikuwa kocha wa Rudolf Harbig, kijana wa Dresden. Tarehe 15 Julai 1939, mjini Milan, Harbig alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 46.6. Rekodi ya kabla yake, ya Mwingereza Sydney Wooderson, ilikuwa 1:48.4. Kwenye mbio za mizunguko miwili tu, kupunguza sekunde karibu mbili kwa mkupuo ni sawa na kuvunja ukuta kwa kichwa. Rekodi ile ilikaa miaka 16, mpaka Roger Moens wa Ubelgiji alipoivunja mwaka 1955. Harbig mwenyewe hakuwapo kuiona ikivunjwa. Vita vilianza wiki saba baada ya Milan, naye aliuawa vitani upande wa mashariki mwezi Machi 1944. Nasema haya ili tusije tukadhani elimu hii ilizaliwa mahali pasafi. Ilizaliwa chini ya utawala wa Hitler, na kijana aliyeipa umaarufu alikufa ndani ya sare ya utawala huo.

Baadaye, katika mji wa Freiburg, Gerschler alishirikiana na daktari wa moyo, Herbert Reindell. Wakapima mioyo ya watu wengi, wakatoka na kanuni ambayo naiona kuwa mojawapo ya mambo ya busara yaliyowahi kusemwa kuhusu jasho. Kimbia mpaka moyo upige kama mara 180 kwa dakika. Kisha pumzika mpaka ushuke hadi 120. Ukishuka ndani ya sekunde 90, endelea na kipande kinachofuata. Usiposhuka, basi ama kipande kilikuwa kirefu mno, ama kasi ilikuwa kubwa mno, ama siku ya leo imekwisha. Nenda nyumbani.

Wao waliamini kwamba moyo unajengeka hasa wakati wa mapumziko: miguu imetulia, lakini damu bado inarudi kwa wingi, kwa hiyo moyo unajaa na kutanuka kuliko kawaida. Wataalamu waliofuata walibishana nao, wakaonyesha kwamba kazi yenyewe nayo ina sehemu yake kubwa. Mimi si daktari, siwezi kuwaamulia. Kinachonivutia ni kitu kingine, kile kanuni hii ilichomfanyia mkimbiaji kichwani. Kabla yake, anayesimama ni mvivu. Baada yake, kusimama ni sehemu ya kazi, tena ina kipimo chake, na anayeruka mapumziko ndiye anayeiba mazoezi! Na jambo la pili: swali la “niendelee au niache?”, ambalo ndilo linalowamaliza watu, halikuulizwa tena kwa roho. Liliulizwa kwa mapigo ya moyo. Roho inadanganya, bwana. Asubuhi inakwambia huwezi wakati unaweza, jioni inakwambia unaweza wakati umeshachoka.

Sasa tuje kwa mtu ninayempenda kuliko wote katika habari hii, Emil Zátopek wa Czechoslovakia.

Zátopek alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata huko Zlín. Naam, Bata ileile, si ndege. Ile ambayo viatu vyake vya shule vimekanyaga vumbi lote la Afrika Mashariki na ambayo ina kiwanda Limuru, Kenya. Mwaka 1941 kiwanda kiliandaa mbio, kijana akaambiwa na wakubwa zake akimbie. Hakutaka. Akajaribu kujitetea kwamba hana afya, daktari akampima akasema huyu mzima kabisa. Akakimbia, akawa wa pili kati ya watu 100. Nafurahi kila nikifika hapa, maana mkimbiaji mkubwa kuliko wote wa zama zake hakuanza na ndoto wala wito wowote. Alianza kwa kusukumwa.

Ukitazama picha zake utadhani ni Akhwari mwingine: kichwa kimelala begani, ulimi nje, uso umekunjamana kama wa mtu anayechomwa mwiba. Waandishi wa magazeti walimhurumia. Lakini ule uso ulikuwa uongo mtupu. Tazama karatasi ya mazoezi yake. Moja ya ratiba zake zinazojulikana ni hii: mita 200 mara tano, mita 400 mara ishirini, kisha mita 200 mara tano tena, na kila baada ya kipande anachechemea taratibu mita 200. Jumlisha vile vya kasi. Elfu moja, na elfu nane, na elfu moja. Mita 10,000 kamili, ambazo ndizo mbio zake zenyewe! Yaani alichukua mlima akaupasua mawe thelathini, akawa anabeba jiwe moja moja. Alipoulizwa kwa nini anakimbia vipande vifupi vya kasi ilhali yeye ni wa mbio ndefu, jibu lake lilikuwa la kawaida tu: kukimbia polepole anajua tayari, anachotaka kujifunza ni kukimbia haraka.

London 1948, dhahabu ya mita 10,000 na fedha ya mita 5,000. Helsinki 1952, dhahabu ya 5,000, dhahabu ya 10,000, kisha akajiandikisha marathoni, ambayo hajawahi kuikimbia maishani mwake, akashinda kwa saa 2, dakika 23 na sekunde 3. Hakuna mwingine aliyewahi kuzikusanya hizo tatu katika Olimpiki moja. Mwaka 1954 akavunja rekodi ya dunia ya mita 5,000 mjini Paris tarehe 30 Mei, na siku mbili baadaye, Brussels, akawa binadamu wa kwanza kumaliza mita 10,000 chini ya dakika 29.

Inaelezwa kwamba katika kujiandaa kwa mwaka ule alifikia kukimbia mita 400 mara mia kwa siku: hamsini asubuhi, hamsini jioni. Hapo mimi naachana naye. Kilomita 40 za vipande! Vijana wengi wa Ulaya waliomwiga waliona hesabu ile tu, wakaisahau ile mita 200 ya kuchechemea, wakajiua kwa mazoezi. Arthur Lydiard wa New Zealand alijijengea jina kwa kuwaambia watu wake wapunguze vipande na wakimbie maili 100 taratibu kwa wiki, na wanafunzi wake wakabeba dhahabu Roma mwaka 1960. Kwa hiyo intavali siyo dini. Nisieleweke vibaya.

Lakini kuhusu mapumziko, ushahidi ninaoupenda unatoka kwa mwanafunzi wa udaktari, Roger Bannister wa Uingereza. Huyu hakuwa na muda. Alikuwa akichomoka hospitalini mchana, nusu saa tu, anakwenda uwanjani Paddington. Nadhani mnamwelewa, nyie mnaosoma jioni na kushinda kazini. Zoezi lake kuu lilikuwa robo maili mara kumi, na dakika mbili za kupumzika kati ya kipande na kipande. Desemba 1953 kila robo ilimchukua sekunde 66. Mpaka Aprili 1954 amefika 61. Alitaka 60, kwa sababu robo nne za sekunde 60 ndiyo maili moja kwa dakika nne, jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kulifanya. Na hapo kwenye 61 akakwama. Anajaribu, anakwama. Anajaribu tena, wapi!

Akafanya nini? Aliongeza mazoezi? La hasha. Aliondoka na rafiki yake Chris Brasher wakaenda Scotland kupanda milima, siku kadhaa, bila kukimbia hata hatua. Aliporudi, akarudia zile robo kumi. Sekunde 59. Tarehe 6 Mei 1954, pale Oxford, alimaliza maili kwa dakika 3 na sekunde 59.4. Watu wengi wanaijua hiyo namba. Wachache wanajua kwamba kabla yake palikuwa na likizo ya milimani.

Sasa mtu ataniuliza, Wazungu hao watatuhusu nini sisi ambao tunazaliwa na mbio miguuni? Hapa ndipo ninapokasirika kidogo. Hiyo hadithi ya kuzaliwa na mbio, kukimbilia shule kilomita kumi, maziwa na nyanda za juu, tumeipokea kwa furaha kama sifa. Mimi naona ni tusi lililofungwa kwenye karatasi ya zawadi. Maana yake ni kwamba Mzungu anafanya kazi, sisi tunajaliwa. Na kijana wa Magomeni au Tandika, asiyezaliwa mlimani, anaambiwa kimyakimya kwamba hii si yake.

Mchukue Filbert Bayi, askari wetu. Tarehe 2 Februari 1974, Christchurch, fainali ya mita 1,500. Bayi aliongoza tangu bastola ilipolia mpaka mwisho, mbele ya kundi lililojaa majina makubwa, akamaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Rekodi ya dunia. John Walker wa New Zealand, wa pili, alipata 3:32.5, naye alikuwa amevunja rekodi ya zamani ya Jim Ryun na bado ameshindwa! Mwaka uliofuata, Kingston, Jamaika, Bayi akaichukua na rekodi ya maili kwa 3:51.0. Eti kipaji tu. Hebu nenda uwanjani uongoze mizunguko karibu minne bila mtu mbele wa kukushikia mwendo, uone. Anayeongoza mwanzo mpaka mwisho lazima aijue kasi yake kama fundi cherehani anavyoujua mkono wake, na elimu hiyo haitoki kwenye maziwa. Inatoka kwenye marudio.

Au mchukue Eliud Kipchoge, ambaye mwaka 2019 kule Vienna alikimbia masafa ya marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Haikuhesabiwa kuwa rekodi, kwa kuwa alikuwa na kundi la kumshikia mwendo kwa kupokezana, lakini binadamu alipita pale. Kipchoge, akiwa chini ya kocha wake Patrick Sang, aliifanya Jumanne kuwa siku ya vipande uwanjani, na kila zoezi huliandika daftarini kwa mkono wake, tangu mwaka 2003. Daftari, jamani! Sisi tunaojiita waandishi, wangapi tuna daftari la miaka yote hiyo?

Kwetu Jangwani mambo ni madogo zaidi. Tulianza watu kumi na mmoja, tukiongozwa na mzee mmoja mstaafu wa jeshi tunayemwita Afande. Mwezi wa kwanza ulikuwa wa kufa na kupona, kila mtu na Akhwari wake kichwani, kilomita nane moja kwa moja bila kusimama. Mwisho wa mwezi tumebaki wanne. Ndipo Afande akabadili. Tukaanza kuhesabu nguzo za umeme: nguzo sita kwa kasi, nguzo mbili kwa kutembea. Hatuna uwanja wenye mistari, tuna saa yake ya mkononi na vidole vyetu shingoni. Unahesabu mapigo kwa sekunde 15. Ukipata 30, ndiyo 120 kwa dakika, twende tena.

Rafiki yangu mmoja, fundi simu pale Kariakoo, alikuwa ameshaacha mara tatu na kila akiacha anajiona takataka. Siku moja alikuja kututazama tu, kandambili mguuni. Alipoona tunatembea akashangaa.

“Afande, kumbe inaruhusiwa kusimama?”

“Siyo inaruhusiwa, mwanangu. Umeamriwa.”

Kesho yake alikuja na raba. Sasa ni mwezi wa saba. Hajawahi kusema anapenda kukimbia, na mimi simuulizi. Anasema tu kwamba nguzo sita hazimshindi mtu, na kwamba akifika ya sita anajua ya saba ni ya kwake.

Nimemuuliza Afande kama enzi zake jeshini walikuwa wakipima mapigo. Akacheka. Walikuwa wakipima kwa wimbo, akasema: ukiweza kuimba ubeti mzima bila kukatika, umeshapumzika vya kutosha. Freiburg na kambi ya jeshi, njia mbili, mapigo yaleyale. Nilijaribu wiki iliyopita baada ya kipande cha tano. Ubeti uliisha, mapigo yakawa 31 kwa sekunde 15.

Alhamisi tuna vipande vinane. Fundi simu anataka kumi. Afande amesema tutaamua tukifika cha nane, vidole vikiwa shingoni.